Askofu Steere na Watu Waliofunguliwa

Mtu akitoka gerezani Arusha, akashika njia ya kupanda kwao penye migomba, upande wa Ilboru au upande wa Nkoaranga, huenda kwa furaha, maana siku zake za kifungo zimekwisha. Lakini akifika kijijini mara nyingi huona ya kuwa kifungo kingine chamngoja. Watu humsalimu kwa mbali. Nyumba yake imeanguka, shamba lake limeshikwa na mwingine, na akiomba kibarua cha kuchuma kahawa huambiwa ya kuwa kazi imekwisha. Mlango wa gereza umefunguliwa, lakini milango ya watu imefungwa. Basi mtu huyo atakula nini, na atalala wapi? Wako waliorudi gerezani kwa sababu hawakupata jawabu la maswali hayo mawili.

Jambo hili si geni. Zamani, kabla mji wa Arusha haujajengwa, palikuwa na mtu mmoja katika Unguja aliyelifikiri sana, akalifanyia kazi hata siku ya kufa kwake. Jina lake ni Edward Steere. Watu aliowasaidia hawakuwa wahalifu. Walikuwa watumwa, watu waliokamatwa bila kosa lo lote na kutiwa minyororo. Kwa hiyo hawafanani kabisa na wafungwa wa leo. Lakini siku waliyofunguliwa walikuwa na shida ile ile: wako huru, wala hawana jembe, hawana nyumba, hawana jirani. Habari za maisha ya Steere zatufundisha ya kuwa kumfungua mtu ni nusu ya kazi tu.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka wa 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana naye alisoma sheria mpaka akapata cheo kikubwa cha elimu hiyo. Angaliweza kukaa kwao akatajirika, lakini moyo wake haukutulia katika kazi hiyo. Akaiacha, na mwaka wa 1856 akaingia katika kazi ya kanisa. Akawa kasisi katika vijiji vya wakulima, na watu wa huko wakampenda kwa kuwa alisema nao maneno yaliyo wazi, tena hakuona haya kushika kazi ya mikono.

Rafiki yake mmoja, jina lake Tozer, alichaguliwa mwaka wa 1863 kuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ndiyo iliyoitwa kwa kifupi UMCA. Misheni hiyo ilianzishwa baada ya Dr. Livingstone kurudi Uingereza na kuwaeleza watu mambo mabaya ya biashara ya watumwa. Steere akafuatana na rafiki yake. Kwanza walijaribu kukaa penye mlima wa Morumbala, karibu na mto Zambezi, lakini mahali pale hapakuwafaa. Ndipo mwaka wa 1864 wakahamia Unguja.

Katika Unguja waliona kwa macho yao mambo waliyokuwa wakiyasikia. Watumwa waliletwa kutoka bara, kutoka nchi za Wayao na Wamakua na Wanyasa, na kutoka mbali zaidi. Walifungwa kwa minyororo na kwa miti shingoni, wakatembea kwa miguu mpaka pwani, kisha wakapakiwa katika majahazi, wamebanana kama mizigo. Wengi walikufa njiani. Waliofika waliuzwa katika soko la Mkunazini, wakapelekwa katika mashamba ya karafuu au ng'ambo ya bahari.

Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto wa kwanza wa kuwalea, wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa. Basi Steere akawa mwalimu wao, nao wakawa walimu wake. Maana yeye hakutaka kuwafundisha kwa lugha wasiyoielewa. Alikaa nao, na pamoja na wazee wa mjini, akauliza neno hili na neno lile, akaandika yote aliyoyasikia. Alisikiliza hadithi zao za usiku akaziandika pia, na mwaka wa 1870 akatoa kitabu cha hadithi za Kiswahili, na kitabu kingine cha sarufi. Kiswahili cha Unguja, alichokiandika Steere, ndicho kilichochaguliwa baadaye, mwaka wa 1928, kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu vya shule. Kwa hiyo hata mtoto wa Meru asomapo kitabu chake leo, anasoma lugha ambayo Steere alisaidia kuiweka katika maandishi.

Lakini turudi kwa watumwa. Manowari za Kiingereza zilizunguka baharini zikiyasaka majahazi ya watumwa. Zilipolikamata moja, watu waliomo walifunguliwa. Hapo ndipo ilipoanza shida ambayo watu wengi hawakuifikiri. Watu hao wapelekwe wapi? Wakiachwa pwani bila mtu wa kuwatazama, huweza kukamatwa na kuuzwa tena. Kurudi kwao hawawezi, maana ni mwendo wa miezi, na njia zote zina wanyang'anyi. Kwa muda wa miaka mingi wengi wao walipelekwa nchi za mbali, Bara Hindi na Aden na Shelisheli, mahali ambapo hawakujua hata neno moja la wenyeji. Walikuwa huru, lakini walikuwa kama mti uliong'olewa ukatupwa juu ya mwamba.

Tarehe 5 Juni mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Watu wakafurahi wakadhani ya kuwa kazi imekwisha. Steere, ambaye alikuwa amekwenda Uingereza na kurudi Unguja mwaka wa 1872, aliona ya kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa maana sasa watu waliofunguliwa wataongezeka. Mwaka wa 1874 yeye mwenyewe akafanywa Askofu mahali pa Tozer, aliyeacha kazi kwa ugonjwa.

Nje kidogo ya mji wa Unguja, penye pwani ya Mbweni, Misheni ilikuwa imenunua shamba. Huko ndiko walikopelekwa watu wazima waliotolewa katika majahazi. Askofu hakutaka wakae bure wakilishwa kama wagonjwa, wala hakutaka wafanye kazi bila malipo kama watumwa. Kila mume na mke walipewa nyumba yao na kipande chao cha ardhi cha kulima mihogo na mtama. Na mtu aliyefanya kazi katika shamba la Misheni, penye minazi na miwa, alipokea ujira wake. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa watu wale lilikuwa kubwa mno. Jana mtu aliuzwa kwa fedha. Leo fedha imetiwa mkononi mwake yeye, kwa kazi aliyoifanya kwa hiari yake. Kwa ujira ule alijifunza ya kuwa amekuwa mtu tena.

Watoto nao walisoma. Wavulana walikaa Kiungani, na wasichana Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka wa 1877, aliwafundisha kwa miaka mingi. Lakini Askofu hakutaka wajue kitabu peke yake. Alipenda kila mmoja awe na kazi ya mikono itakayomlisha, kwa maana alijua ya kuwa mtu asiye na ndugu, naye hana kazi, ataanguka upesi. Wengine walifundishwa useremala, wengine uashi. Wengine walifundishwa kupiga chapa, kazi ambayo Askofu mwenyewe aliijua. Mmoja wao, Owen Makanyassa, aliyekuwa mtumwa alipokuwa mtoto, akawa fundi hodari kabisa wa mtambo wa chapa, akawaongoza wenzake. Tufikiri habari hiyo kidogo: maandiko ya Kiswahili yaliyosomwa siku zile yalipangwa, herufi kwa herufi, na vidole vya vijana waliotolewa katika minyororo.

Kazi nyingine iliyoonekana na watu wote ni ujenzi wa kanisa kuu. Kiwanja kilikuwa pale pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka wa 1873. Askofu mwenyewe aliisimamia kazi hiyo pamoja na mafundi. Dari yake aliijenga kwa mawe ya matumbawe na saruji, imepinda kama tao, wala haina nguzo katikati. Watu wengi walisema itaanguka. Haikuanguka, nayo ipo hata leo. Siku ya Noeli mwaka wa 1879 watu walisali ndani yake. Miongoni mwa waliosali walikuwamo watu waliofunguliwa. Mahali pale pale ambapo wenzao walisimamishwa wakatazamwa meno na mikono kama ng'ombe mnadani, wao waliingia kwa miguu yao wenyewe, wamevaa nguo walizozinunua kwa ujira wao.

Hata hivyo Askofu hakuridhika. Aliona ya kuwa Mbweni ni mahali pazuri, lakini si kwao. Watu wale walikuwa na nchi zao, lugha zao na ndugu zao. Kuwaweka kisiwani siku zote, chini ya mkono wa Misheni, kungaliwafanya kuwa kabila la watu wasio na mizizi. Mtu aliyefunguliwa hukamilika kuwa huru siku ile arudipo kati ya watu, akahesabiwa miongoni mwao. Hilo ndilo wazo kubwa la maisha yake, nalo lilikuwa la hatari.

Mwaka wa 1875 alikwenda kwanza yeye mwenyewe kuitazama njia. Alishuka Lindi, akaenda kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme mkubwa wa Wayao. Mataka alikuwa mwenye nguvu, na watu wake walikuwa wakiuza watumwa. Askofu akaongea naye kwa amani, akarudi Unguja akiwa amedhoofika kwa safari, lakini amekwisha kuona ya kuwa jambo lawezekana.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1876 aliondoka tena. Safari hii alifuatana na wanaume na wanawake zaidi ya hamsini kutoka Mbweni, watu waliochagua wenyewe kwenda. Wakashuka Lindi, wakachukua mizigo yao, majembe na mashoka na mbegu, wakaingia bara. Njia ile ile waliyoshuka zamani wamefungwa, sasa waliipanda wakiwa huru, kila mtu na mzigo wake mwenyewe. Twaweza kuwaza mambo waliyoyakumbuka walipopita penye visima na vivuli vya njiani.

Askofu alitumaini kuwafikisha mbali zaidi, upande wa ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, penye milima ya mawe meusi na ardhi nzuri, watu wake wakasimama. Wengi waliona nchi iliyofanana na nchi yao, wakakuta na watu wa makabila yao wakikaa karibu. Wakaomba wakae hapo. Kiongozi mwingine angaliwaamrisha waendelee, kwa kuwa ndiye aliyewalipia safari. Steere hakufanya hivyo. Alikubali maneno yao, kwa maana hakuwaleta bara ili awe bwana wao mpya. Basi wakapata ruhusa ya wakubwa wa nchi, wakakata miti, wakajenga nyumba, wakalima mashamba. Askofu akamwacha mmisionari kijana, jina lake W. P. Johnson, awe pamoja nao, naye akarudi Unguja. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi.

Je, majirani waliwapokeaje? Hapo mwanzo walitazamwa kwa mashaka, kama atazamwavyo kila mtu atokaye mbali na habari zake hazijulikani. Lakini majembe yao yaliwasemea. Watu waliona ya kuwa wageni hawa wanalima, wanajenga, na watoto wao wanasoma. Wakaanza kuwazoea, wakauziana chakula, na wengine wakaja kukaa karibu nao.

Miaka sita ikapita. Mwaka wa 1882 Askofu Steere alikuwa amekwenda Uingereza, akarudi Unguja mwezi wa Agosti, naye amechoka mwili. Kazi ya kufasiri Agano Jipya kwa Kiswahili alikuwa amekwisha kuimaliza. Hakuishi ila siku chache tu baada ya kurudi. Tarehe 27 Agosti 1882 alifariki kwa ghafula, wakamzika nyuma ya altare ya kanisa lile alilolijenga mahali pa soko la watumwa.

Kisha likaja jaribu kubwa. Katika mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule, kabla majuma mengi hayajapita tangu kufa kwake, jeshi la Wangoni walioitwa Magwangwara liliishukia Masasi. Nyumba zikachomwa moto, watu wengine wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka mara ya pili katika maisha yao. Waliosalia walikimbilia maporini na milimani. Kazi ya miaka sita ikawa majivu.

Wako waliosema ya kuwa Steere alikosea. Ya kuwa ingalikuwa heri watu wale wangebaki Mbweni, kisiwani penye salama. Neno hilo si la kupuuzwa, kwa maana watu walikufa. Lakini tutazame yaliyofuata. Wamisionari hawakuwaacha waliotekwa; kasisi Porter alikwenda mpaka nchi ya Magwangwara kuwakomboa. Kasisi Chauncy Maples akahamia Newala pamoja na wengine, akaendelea na kazi. Baadaye Masasi ikajengwa upya. Mwaka wa 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, kanisa lake likachomwa tena, na tena likajengwa. Leo Masasi ni mji, na tangu mwaka wa 1926 una Askofu wake. Mti ulioungua mara mbili ukachipuka mara mbili hauwezi kusemwa ya kuwa hauna mizizi.

Tena tutazame mtu mmoja, Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyekamatwa akiwa mtoto, akafunguliwa, akasoma Kiungani. Mwaka wa 1886 alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, akae kati ya Wayao, kabila lake la asili. Mwaka wa 1890 akafanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika Misheni ile. Alikwenda pwani kama bidhaa, akarudi bara kama mwalimu. Na wale waliomsikiliza hawakuwa wageni kwake, bali watu wa lugha ya mama yake. Steere hakuishi kuyaona hayo, lakini ndiyo aliyoyatamani alipozipima njia za Lindi kwa miguu yake.

Basi sisi tukaao chini ya mlima Meru twajifunza nini? Twajifunza ya kuwa mtu aliyefunguliwa anahitaji vitu vitatu. Kwanza, kazi yenye ujira, ili ajione kuwa mtu. Pili, mahali pake mwenyewe, hata kama ni padogo, pa kujenga na kulima. Tatu, watu watakaomhesabu kuwa wao. Serikali yaweza kumfundisha mfungwa useremala au uashi akiwa gerezani, na misheni yaweza kumpa msumeno siku ya kutoka. Lakini hicho cha tatu hakitolewi na serikali wala na misheni. Hutolewa na majirani tu.

Mzee wetu kwa Wameru ni mshili wa ukoo, na kwa Waarusha ni laigwanani wa rika. Hao wakimwita mtu aliyerudi, wakamketisha barazani, wakasikia toba yake, na kama alimkosea mtu wakampatanisha naye kwa desturi, ndipo milango hufunguka. Yule aliyeiba ni lazima alipe, wala hatusemi ya kuwa kosa si kosa. Lakini deni likiisha kulipwa, halidaiwi tena.

Watoto, siku moja labda mtamwona mtu akipanda njia ya kijiji peke yake, amebeba kifurushi kidogo, na watu wakinong'ona nyuma yake. Msikimbie, wala msimcheke. Mwamkieni kama mwamkiavyo kila mtu mzima, mkamsaidie mzigo wake hata mlangoni. Na mkiwa wakubwa, mkawa na mashamba ya kahawa au viwanda vya useremala, mkumbukeni Askofu aliyejua ya kuwa mnyororo ukikatwa bila jembe kutolewa, mtu hubaki amefungwa.